Bahasha Tupu Ni Hasara ya Nani?

Karani wa posta alisukuma bahasha upande wangu pamoja na kitabu cha kusaini. Kabla sijagusa kalamu niliinyanyua ile bahasha, na mkono ukajua mapema kuliko kichwa. Ilikuwa nyepesi mno. Kona ya chini ilikuwa na mpasuko mfupi, na karatasi iliyouzunguka imekunjamana na kuchakaa kwa kusuguliwa. Nikamwomba karani aandike hali ya bahasha kabla sijasaini. Akaandika, akagonga muhuri.

Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kadibodi vilivyobanwa kwa selotepu, na katikati yake kimfuko cha plastiki kilichochanika ubavuni. Kwenye kadibodi palikuwa na duara lililobonyea vizuri kabisa, hata ungeweza kupima kipenyo chake.

Sarafu haikuwemo.

Ilipaswa kuwa thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo, sehemu ya mabadilishano na mkusanyaji wa nchi nyingine. Ya kwangu alikuwa ameshaipokea, tena akanishukuru kwa namna nilivyoifunga. Nikampelekea picha za bahasha. Jibu lake lilikuwa fupi: "Pole sana, ndugu yangu. Lakini mimi niliituma."

Nilimwamini, na si kwa wema wa moyo tu. Picha ya risiti aliyonitumia siku ya kuposti ilionyesha uzito wa gramu 52. Nikaiweka bahasha tupu juu ya mizani, kadibodi na plastiki na vyote: gramu 24. Thaler ile ina uzito wa gramu 28.07. Hesabu ilikaa.

Kwa hiyo sarafu ilitoka mikononi mwake na haikufika mikononi mwangu. Hakuna aliyedanganya. Na mmoja wetu lazima apoteze.

Ni nani? Swali hilo limenikalia kichwani wiki kadhaa sasa.

## Mazungumzo ya matapeli

Wakusanyaji wakianza kuongea juu ya usalama, huongea juu ya matapeli. Sawa, matapeli wapo. Lakini kwa maoni yangu tapeli ndiye tatizo jepesi, kwa sababu dawa yake inajulikana.

Picha anayokutumia inaweza kuwa ya kuibwa, basi mwombe aipige upya, sarafu ikiwa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo na jina la akaunti yako kwa mwandiko wake. Asiye na sarafu ataanza hadithi ndefu za kamera iliyoharibika. Mwombe pia picha ya ukingo. Watu husahau ukingo, na hapo ndipo sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu huacha mshono wake. Thaler ina maandishi ya Kilatini kuzunguka ukingo wote, na watengenezaji wa bandia wengi huyafanya ovyo.

Halafu kuna vipimo. Dola ya Morgan, sarafu ya fedha ya Marekani, ina gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Bandia inaweza kupata uzito, inaweza kupata kipenyo. Ikipata vyote viwili, itakwama kwenye unene, maana madini ya fedha ni mazito kuliko shaba nyeupe au shaba nyekundu. Ili chuma cha bei rahisi kifikie uzito ule ndani ya kipenyo kile, lazima kinenepe. Mizani ndogo na kipimo cha unene vinatosha kukwambia hivyo, mezani kwako, bila mtaalamu.

Hata zile sarafu zilizofungiwa kwenye kasha la plastiki na kampuni za upimaji kama PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, ya 1987, unaweza kuhakiki namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni. Usiishie kwenye namba, lakini. Kasha bandia huchapwa namba ya kweli iliyonakiliwa kutoka kasha la kweli. Tafuta picha ya sarafu yenye namba hiyo, linganisha mikwaruzo.

Na kama kuna pesa ya kujazia tofauti ya thamani, usiipitishe kwenye njia ya "kumtumia rafiki" ambayo mifumo ya malipo huiondolea ulinzi wa mnunuzi. Mtu anayekusisitizia njia hiyo ili mkwepe makato, makato hayo ndiyo kinga yako.

Nimeyataja haya kwa haraka kwa kuwa yameshasemwa sana. Tapeli ukimkamata unajua la kufanya: unamtangaza, unamfungia, unaenda zako. Lakini mwenzangu huyu ningemfanya nini?

## Nani atangulie kutuma

Desturi ya wabadilishanaji ni kwamba mgeni ndiye anayetangulia. Mwenye jina na sifa nyingi husubiri apokee, kisha naye atume. Mantiki yake iko wazi: mwenye jina ana cha kupoteza.

Mimi desturi hii siiamini sana. Jina linaweza kukuzwa makusudi. Mtu anabadilishana visarafu vya shaba kwa uaminifu mkubwa, kimoja kimoja, anakusanya sifa, kisha siku moja anapokea vipande vinne vya fedha kutoka kwa watu wanne na kutoweka. Sifa zake zote zilikuwa mtaji wa siku hiyo. Ndiyo maana nikiona mtu ana sifa mia, sitazami mia. Natazama kama kati yake kuna mabadilishano hata moja ya thamani inayokaribia ile anayonitaka leo.

Njia nyingine ni kutuma siku moja, kila mtu anamtumia mwenzake picha ya risiti. Hapa nilikuwa na shaka moja: risiti inathibitisha kwamba bahasha imetumwa, haithibitishi kilichomo. Tangu zamani nimekuwa nikiomba picha mbili badala ya moja, yaani bahasha iliyofungwa ikiwa juu ya mizani, na risiti yenye uzito uleule. Watu wengine huona ni usumbufu. Kwa thaler hii ndiko kulikotuokoa tusigombane. Bila ile gramu 52, ningebaki na neno lake tu, na yeye angebaki na langu.

Lakini uzito ulijibu swali la nani mwongo. Swali la hasara ni ya nani haukuligusa.

## Nilipokimbilia sheria

Nilianza kusoma, nikitumaini kwamba mahali fulani pameandikwa.

Pameandikwa, tena mara mbili, na majibu yanapingana. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1980 juu ya mauziano ya bidhaa kimataifa unasema kwamba, kama hamkupanga vingine, hatari huhamia kwa mnunuzi pale mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza. Kwa kipimo hicho, mwenzangu alimaliza wajibu wake alipoondoka dirishani pa posta. Sentensi yake ilikuwa kamili: mimi niliituma.

Nilipofika hapo nilikuwa karibu kumwandikia kwamba yamekwisha, hasara ni yangu.

Kisha kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2011 kuhusu haki za walaji, inayosema kinyume: mfanyabiashara akimtumia mlaji bidhaa, hatari inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mlaji aishike mkononi. Lakini mwenzangu si mfanyabiashara, nami si mlaji. Mkataba wa Vienna nao ni wa wauzaji na wanunuzi, na haushughuliki na vitu vinavyonunuliwa kwa matumizi ya binafsi. Sisi ni watu wawili wenye visanduku vya sarafu. Kila sheria niliyoishika ilikuwa imeshonewa mtu mwingine.

Kilichonigeuza ni mkataba wa posta wenyewe, ule wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzishwa Bern mwaka 1874. Unasema kwamba kitu kilichopostiwa kinabaki kuwa mali ya mtumaji mpaka kimfikie mwenye haki ya kukipokea. Mtumaji anaweza kukirudisha kikiwa njiani, anaweza kubadilisha anwani kama nchi husika zinaruhusu. Kikipotea, ana miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kuposti kuwasilisha malalamiko. Fidia ikitoka, kwa kawaida inakwenda kwake, isipokuwa yeye mwenyewe akubali kumwachia mpokeaji.

Soma hayo ukiwa umekaa upande wa mpokeaji. Bahasha hakuichagua yeye. Huduma hakuichagua yeye, thamani hakuiandika yeye, wala hawezi kufukuzia fidia mpaka mwenzake akubali kusumbuka. Alichonacho ni jambo moja tu: kuikagua bahasha kabla ya kusaini. Ukisaini kimya na kuondoka, posta nayo kwa kawaida imejitoa. Kinachokubakia ni kulalamika tu.

Sasa kama uamuzi wote uko kwa mtumaji, kwa nini hasara ikae kwa asiyeamua chochote?

Hapo nikawa na msimamo. Hasara ni ya mtumaji mpaka sarafu ishikwe.

## Kwa nini bahasha hupasuka

Niseme kidogo juu ya kadibodi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani kwangu na ilinifundisha kuliko mikataba.

Watu hufikiri sarafu huibwa. Nyingine huibwa kweli. Lakini nyingi hutoka zenyewe. Bahasha bapa huingizwa kwenye mashine ya kuchambua barua, mikanda inaibana na kuipitisha kwenye roli kwa kasi, inapindwa hapa, inasimamishwa ghafla pale. Karatasi inasimama, sarafu inaendelea na safari. Gramu 28 za fedha zikigonga kona ya ndani ya bahasha mara kadhaa, kona inafunguka. Sarafu inaanguka chini ya mashine katika jengo ambalo hakuna kati yetu atakayeliona, na bahasha inaendelea kwenda kwa mwenye anwani, ikiwa na namba yake ya ufuatiliaji, herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi, na mfumo unaandika kwamba imefika salama.

Mwenzangu alikuwa ameweka kadibodi mbili na selotepu pande mbili. Pande mbili tu. Upande wa tatu na wa nne vilikuwa wazi, na kimfuko cha sarafu kilikuwa hakijabandikwa popote, kimebanwa tu. Duara lililobonyea lilikuwa karibu na ukingo uliokuwa wazi.

Mimi hukata tundu kwenye kadibodi nene, la ukubwa wa kishikio cha sarafu, nakitumbukiza humo kikaze, kisha nafunika juu na chini kwa kadibodi nyingine na kuzungusha selotepu pande zote nne. Tundu likae katikati, lisikae pembeni. Kisha natikisa karibu na sikio. Ikisikika hata kidogo, nafungua naanza upya. Kama ni kishikio cha karatasi chenye stepla, naziponda pini kwa koleo zilale, maana pini iliyosimama hukwaruza sarafu ya jirani. Na sitaki furushi jembamba. Lililonenepa kidogo na lisilopindika haliendi kwenye mashine za barua bapa. Linapita njia ya vifurushi vidogo.

Plastiki pia iwe salama. Vimfuko laini vya PVC, vile vinavyonukia kama pazia jipya la bafuni, hutoa tindikali polepole na kuacha ute wa kijani juu ya shaba na fedha. Kwa safari ya siku chache si neno. Tatizo ni mpokeaji anayekiona kimfuko ni kizuri na kuiacha sarafu humo miaka mitatu.

## Tuandike "zawadi"?

Ushauri unaonikera kuliko wote ni ule wa fomu ya forodha. "Andika zawadi." "Andika medali." "Thamani weka ndogo, wezi wasitamani."

Naelewa unakotoka. Fomu ya CN22 hubandikwa nje, kila mkono unaoigusa bahasha unaisoma. Kuandika hapo kwamba ndani mna sarafu ya fedha ni kujitangaza. Mimi mwenyewe hainipi raha.

Lakini tazama kinachofuata. Kanuni za posta ya kimataifa zinakataza sarafu na vito katika barua za kawaida zisizo na bima. Nchi zikiruhusu, zinaweza kwenda kwa rejista ndani ya bahasha iliyofungwa. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi nazo huziweka sarafu kwenye orodha ya vitu zisivyobeba au zisivyolipia. Ukidanganya kilichomo, umejitoa mwenyewe kwenye fidia. Ukidanganya thamani, bima italipa hiyo ya uongo, ikilipa. Na forodha wakifungua wakakuta medali ina sura ya malkia na mwaka 1780, anayeitwa kujieleza ni mpokeaji. Mtumaji yuko kwake anakunywa chai.

Kuna njia ya ukweli isiyopiga kelele. Orodha ya kimataifa ya forodha ina kichwa namba 9705 cha vitu vya makusanyo, kikiwemo kifungu cha vile vya elimu ya sarafu, na tangu toleo la 2022 vyenye umri wa zaidi ya miaka 100 vina kifungu chao. Unaandika namba, unaandika "kitu cha makusanyo", unaweka thamani halisi. Karani wa forodha anaelewa. Mpita njia hajali. Kwa vitu vya kale angalia pia sheria za nchi inakotoka, maana mkataba wa UNESCO wa 1970 unataja sarafu za zaidi ya miaka 100 miongoni mwa vitu vinavyoweza kuhesabiwa kuwa urithi wa taifa. Nchi nyingine hutaka kibali.

Bima nayo ina kichekesho chake kwa thaler. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu hii imeendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo, Vienna, na karne ya 20 hata London, Roma na Mumbai. Uzito uleule, tarehe ileile. Ya kawaida ni bei ya madini yake na kidogo juu. Ya mpigo adimu inaweza kuwa mara nyingi ya hapo, na tofauti iko kwenye bruchi ya begani na manyoya ya mkia wa tai. Mweleze hayo mtu wa madai anayetaka "uthibitisho wa thamani". Ndiyo maana kabla ya kutuma tunaandikiana kwenye meseji, kwa tarakimu, sarafu hii tumekubaliana ina thamani gani. Maandishi ya watu wawili wa pande mbili yana nguvu kuliko maneno ya mmoja baada ya kupotea.

## Tulivyomalizana

Nilimwandikia mwenzangu msimamo wangu, nikamnukulia ule mstari wa mali ya mtumaji. Alikaa kimya siku moja, nikadhani nimemkosea. Akarudi na pendekezo: anirudishie sarafu yangu, tuhesabu hatukubadilishana.

Nilitamani kukubali. Kisha nikaona kichekesho: sarafu yangu ingeingia tena kwenye mashine zilezile, na ikipotea tungeanza mjadala upya tukiwa na hasara mbili. Nikamwambia akae nayo.

Mwisho alinitumia thaler nyingine ya mpigo wa kawaida, yenye thamani ndogo kuliko ile iliyopotea, nami nikaikubali kuwa imemaliza. Malalamiko aliyafungua yeye, kwa kutumia karatasi yenye muhuri niliyopewa dirishani. Fidia ya rejista ina kikomo kisichotazama thamani ya kilichomo, kwa hiyo hatarudishiwa yote. Nilimwambia chochote kitakachotoka ni chake.

Je, nilipunguza msimamo wangu? Ndiyo. Kanuni ilikuwa yangu, na hatukuwa tumeiandika kabla. Kumbana mtu kwa kanuni aliyoisikia baada ya hasara si haki.

## Pingamizi ambalo sijalijibu

Sasa kabla ya mabadilishano yoyote naandika meseji yenye maneno haya: "Sarafu yangu ikipotea njiani ni hasara yangu mpaka uishike, na yako vivyo hivyo. Thamani tuliyokubaliana ni hii. Kagua bahasha kabla ya kusaini."

Wengi hujibu "sawa" kwa haraka inayonitia wasiwasi kwamba hawakusoma.

Mmoja alisoma. Akaniuliza: kama hasara ni ya mtumaji siku zote, kinamzuia nini mpokeaji kupasua kona kwa wembe, kupiga picha, na kusema imefika tupu? Mizani haitamkamata, kwa sababu bahasha atakayoipima ni ileile aliyoipasua. Video ya kufungua nayo huanza pale anapotaka ianze.

Nilimjibu kwamba mpasuko wa wembe na wa mashine havifanani, na kwamba karani wa posta ni shahidi. Akasema wembe anaweza kuusugua kwenye sakafu kabla, na si kila bahasha hupitia dirishani. Nyingine hutumbukizwa sandukuni. Ni kweli. Kanuni yangu inamlinda mpokeaji mwaminifu kwa kumwacha wazi mtumaji mwaminifu, na ile nyingine inafanya kinyume chake. Nilichoweza kumwambia ni kwamba tuanze na vitu vidogo, kila mmoja atume kile ambacho kikipotea atanuna tu, kisha tupandishe.

Akasema hana vitu vidogo. Anacho kimoja, na anataka kila mtu abebe hasara ya kile anachokisubiri.

Hatukubadilishana. Na sarafu yake, kwa kweli, ilikuwa nzuri sana.